Mshika Waya

Bingwa hakuomba, Bingwa aliagiza. Alimpigia simu mdogo wake katikati ya kazi, hakumwuliza hata umeamkaje, akaanza moja kwa moja.

"Antena, nakuletea ile mashine yetu ya gemu, ile ya zamani. Mama alikuwa nayo stoo. Nataka unitengenezee kabati la kusimama, kama yale ya kwenye kumbi za michezo. Skrini juu, vibonyezo mbele. Nitaliweka sebuleni, wageni wakija wanione."

"Wakuone ukifanya nini, Kaka?"

"Nikicheza, bwana! Kwani hujui bingwa ni nani?"

Alijua. Mtaa mzima waliokulia ulijua. Jina hilo kaka mtu alilipata kwenye gemu hilohilo, enzi zile akiwa kijana wa miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, na amekuwa nalo mpaka kitambi kimemtoka. Na dada mtu naye, jina la Antena alilipata siku hizohizo na kwa gemu hilohilo, ila yeye alilipatia upande wa pili wa televisheni.

Mashine ile ilikuwa na ugonjwa. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani. Waya wake, ule unaochomekwa nyuma ya televisheni kwenye tundu la antena, ulikuwa umelegea, na ukilegea picha inakufa, zinabaki chenga tupu na mlio wa shhh unaokera masikio. Dawa ilikuwa moja: mtu akae nyuma ya televisheni, aushike waya pale shingoni, asitikisike. Mtu huyo alikuwa yeye, kitinda mimba wa nyumba, mwenye mwili mdogo unaopenya kati ya televisheni na ukuta. Bingwa na rafiki zake walikaa mbele wakicheza. Yeye alikaa nyuma kwenye vumbi na joto, mkono ukimfa ganzi, akishika waya.

"Hapohapo, usitikisike!" Bingwa alipiga kelele. "Bila wewe, Antena, gemu haliendi!"

Usicheke. Mtoto akiambiwa kwamba bila yeye mambo hayaendi, kichwa humvimba, na yeye kilimvimba hasa. Isitoshe, Mama alikuwa ametoa amri watoto wacheze kwa zamu, na zamu yake aliahidiwa kila siku ya Mungu. "Nikifa tu, zamu yako," Bingwa alimwambia. Kwenye gemu, kufa ni yule mtu mdogo wa kwenye skrini, aliyebeba mzigo mgongoni, kutumbukia mtoni. Basi alikaa akisubiri kaka yake afe. Lakini kaka yake alikuwa bingwa, na mabingwa hawafi ovyo.

Skrini hakuiona. Mchezo aliusikia tu: tik-tik-tik za hatua, pruu ya kuruka, pii moja kavu ambayo hakujua ni ya nini, na mara kwa mara wimbo mfupi mtamu unaoshuka kama mtu anayeteremka ngazi, ti-ri-ri, ti-ri-ri, taa. Wimbo huo aliupenda kuliko yote. Siku alipouliza ni wa nini, Bingwa alimjibu, "Hapo nimevuka daraja." Tangu hapo, kila ulipopigwa, mtoto nyuma ya televisheni alishangilia kwa sauti yake yote kwamba Kaka amevuka tena, na huko mbele vijana waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao.

Kwa sababu ya waya ule alisomea ufundi. Mwalimu wa chuo alipomwuliza kilichomleta, alijibu kwamba nyumbani kwao kuna mgonjwa anataka kumtibu. Alipohitimu, mgonjwa alikuwa ameshafungiwa stoo, Bingwa amepata kazi ya kusimamia watu, na hakuna aliyekuwa na habari na gemu tena. Jina tu ndilo lililobaki. Mama alimwita Antena, majirani wakamwita Antena, na alipofungua karakana yake ya redio na televisheni aliandika juu ya mlango, kwa mkono wake mwenyewe na kwa rangi nyekundu: ANTENA ELEKTRONIKI. Mteja akiuliza maana, alijibu kwa madaha kwamba kazi hii aliianza kabla meno ya utotoni hayajamtoka.

Ndiyo maana alikubali. Sebule ya Bingwa na wageni wake havikumhusu ndewe wala sikio. Yeye alitaka kumfungua yule mgonjwa, auone ugonjwa kwa macho yake, auguse kwa ncha ya mita, aseme: kumbe ni wewe.

*

Kabati alilianza na jirani yake, seremala wa chumba cha pili, ambaye watu walimwita Baba Pacha. Huyu alikuwa na maneno mengi kuliko misumari, lakini msumeno wake ulikwenda palipochorwa. Walichora mbavu mbili za plaiwudi nene, juu pana, katikati zimeingia ndani, chini zimetoka tena.

"Kabati gani hili lina kiuno?" Baba Pacha aliuliza. "Nimetengeneza makabati ya bibi harusi, sijaona lenye umbo hili."

"Ni la kusimama mbele yake. Mtu anataka pa kuweka magoti."

"Na nguo anaweka wapi?"

"Kata mbao, jirani."

Akakata. Antena naye akashika televisheni. Alitumia ile ya kichogo, ya zamani yenye mgongo mnene, kwa sababu gemu la zamani kwenye skrini bapa za siku hizi linaonekana limefifia, halina uhai. Kwanza akaitoa chaji, maana bomba lake la kioo huhifadhi umeme hata likiwa limezimwa muda mrefu, na likikupiga utausalimia ukuta wa pili. Kisha akaivua televisheni ganda lake la plastiki na kuifungia kwenye fremu ya mbao kwa mabano manne. Ubao wa mbele, wa vibonyezo, aliutoboa mwenyewe, akaupiga msasa mpaka kiganja kikapita juu yake bila kukwama. Hapo bado alikuwa na furaha. Aliimba hata, ule wimbo wake wa daraja, ti-ri-ri, ti-ri-ri, taa, na Baba Pacha akamwambia kama huo ndio wimbo wenyewe basi wageni watakimbia.

Mashine ya gemu aliiacha mpaka mwisho. Asubuhi ya kuifungua alifagia meza, akawasha taa ya shingo ndefu, akafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa. Ndani kulikuwa na vumbi la nyumba yao. Alilipuliza taratibu. Akainama na lenzi juu ya tundu la waya, pale alipokuwa na uhakika kwamba atakuta ufa kwenye lehemu, mwembamba kama unywele, uliomweka nyuma ya televisheni utoto wake wote.

Lehemu ilikuwa inang'aa. Haikuwa na ufa. Aligusa kwa mita, mita ikasema hakuna tatizo. Aligonga kwa mpini wa bisibisi, akatikisa, akapinda. Hakuna tatizo. Akaufuata waya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pale shingoni plastiki ilikuwa imebonyea, na kwenye mibonyeo ile vidole vyake vilitafuta mahali pao, ila sasa vilikuwa vikubwa mno. Ndani ya plastiki waya ulikuwa mzima. Akaichomeka mashine kwenye televisheni, akatia kaseti ya gemu, akawasha, na mbele yake likatokea daraja, mto wa buluu na yule mtu mdogo mwenye mzigo wake. Akaushika waya akautikisa kama anayekung'uta nguo. Picha haikucheza hata kidogo.

Kwanza alijikasirikia mwenyewe. Fundi gani anayeshindwa kuuona ugonjwa alioishi nao? Akafikiri labda ilikuwa televisheni ya nyumbani, tundu lake ndilo lililokuwa bovu. Lakini Mama aliwahi kununua televisheni nyingine, kubwa zaidi, na ugonjwa ukahamia kwenye hiyo siku hiyohiyo. Alikumbuka vizuri, kwa sababu siku ile alikuwa ametumaini.

Mezani kilibaki kitu kimoja tu. Mashine zile zilikuwa na kisanduku kidogo, cha ukubwa wa kiberiti, kinachokaa njiani kati ya mashine na televisheni. Kina swichi ya kusukuma: ukiipeleka huku unapata gemu, ukiipeleka huku unapata televisheni ya kawaida, na kama hakuna antena, unapata chenga. Kisanduku hicho hukaa sakafuni, na swichi yake huguswa unapoanza kucheza na unapomaliza. Basi.

Akakiweka chini ya taa. Sasa, vitu humwambia fundi mambo yake kwa namna vilivyochakaa, na swichi ile ilikuwa imechakaa kupita kiasi. Kile kinundu chake cha kusukumia kilikuwa kimelika, kimekuwa bapa, cheusi, kinang'aa. Maandishi ya pembeni yalikuwa yamefutika. Hiyo haikuwa kazi ya kidole cha mkono. Alivua kandambili, akaunganisha kisanduku kati ya mashine na televisheni, akakiweka sakafuni, akaweka juu yake kidole gumba cha mguu. Kikakaa sawasawa, kama kidole cha mtu aliyekaa mbele akicheza.

Akasukuma. Chenga. Shhh.

Na mkono wake, bila kuagizwa na mtu, ukaruka kwenda kuushika waya.

Akarudisha kwa mguu. Picha. Akasukuma, chenga, akarudisha, picha. Mkono bado umeshika waya. Alikaa hivyo kwa muda, mwanamke mtu mzima mwenye karakana yake, mguu mmoja peku, akiutazama mkono wake.

Akasogeza kigoda mbele ya skrini na kukaa mahali ambapo hajawahi kukaa. Akashika kijiti cha kuongozea. Tik-tik-tik, mtu mdogo akatembea. Akafika darajani, akavuka, na mashine ikatoa pii moja kavu. Akaendelea mbele, akaruka vibaya, akatumbukia mtoni na mzigo wake.

Ti-ri-ri, ti-ri-ri, taa.

Ule wimbo wake.

*

Hasira haikumpanda kichwani kwa mkupuo. Ilipanda polepole, na kila ilipopita ilikuta jambo la kukumbuka. Alikuwa akimshangilia kaka yake kila alipokufa. Kila alipopiga makofi kwa ule mkono mmoja uliobaki, kwenye paja lake, zamu yake ilikuwa inaibiwa mbele ya masikio yake. Na wale vijana waliokuwa wakicheka, walikuwa wakimcheka yeye. Lakini hilo la zamu silo lililomchoma zaidi. Zamu ni zamu, watoto wangapi wamenyimwa zamu. Kilichomchoma ni lile neno, bila wewe gemu haliendi. Alijenga maisha yake juu ya neno hilo. Alilisomea. Alilipaka rangi nyekundu na kulitundika juu ya mlango.

Alitoka nje na ngazi na kipande cha msasa wa chuma, akapanda, akaanza kukwangua.

Baba Pacha alitoka na penseli sikioni. "Fundi, unafanya nini? Wateja watakupotea!"

"Wapotee!"

Akamsimulia huku anakwangua, na vumbi jekundu likimwangukia jirani kwenye kichwa chake chenye kipara. Baba Pacha alisikiliza, akajikuna, akasema kile ambacho kila mtu angesema.

"Lakini dada yangu, hayo ni ya utoto. Mwambie tu kakako kwamba ulijisikia vibaya."

Alishuka ngazi kwa kasi mpaka Baba Pacha akarudi nyuma.

"Nimwambie? Nikimwambia atacheka! Atacheka mpaka machozi yamtoke, aende akawasimulie wageni wake, ikawe hadithi ya sebuleni: mdogo wangu alishika waya mzima miaka nenda rudi, hodari kweli! Na mimi nitatakiwa nicheke pia, nisipocheka nitaambiwa nina roho mbaya. Sitaki kumwambia kitu. Nataka aseme yeye, kwa mdomo wake, bila meno nje, kwamba waya ulikuwa mzima. Hilo tu. Na asiposema, na aushike."

"Aushike?"

"Niletee ule ubao wa chini," alisema. "Wa kukanyagia."

Kabati lilimalizika vizuri kuliko lilivyoanza. Kuna watu wakikasirika wanaharibu kazi. Yeye akikasirika kila pembe inakutana. Alilipaka vanishi, akasubiri ikauke, akalipaka tena. Ndani alifunga mashine, akaificha kaseti nyuma ya kijimlango chenye bawaba. Kisanduku cha swichi alikizamisha kwenye ubao wa kukanyagia, upande wa kulia, ndani ya tundu lenye upana wa kidole gumba cha mguu. Na ule waya wa zamani, ambao fundi yeyote angeukata na kuweka mfupi wa ndani kwa ndani, aliutoa nje kupitia mgongo wa kabati, akauzungusha na kuuchomeka, shingo yake ikiwa wazi, na mibonyeo yake.

Kisha akalisukuma kabati karibu na ukuta. Nyuma akaacha nafasi ya kupenya mtoto.

*

Jumapili Bingwa alikuja na Mama. Mama alikuwa amevaa viatu vya kutokea na alishikwa mkono kushuka garini, akisema hahitaji kushikwa. Alitazama juu ya mlango.

"Jina limekwenda wapi?"

"Linapakwa upya, Mama. Karibuni ndani. Shikamoo."

"Marahaba, Antena wangu."

Bingwa alipoliona kabati alitoa mluzi. Alilizunguka mbele na pembeni, akapitisha mkono kwenye vanishi, akampiga Baba Pacha begani kana kwamba seremala ndiye aliyepewa kazi ile. Mama akapewa kiti. Baba Pacha alijiegemeza mlangoni, penseli sikioni, akiwa na sura ya mtu anayejua kitu na anaomba Mungu asiulizwe.

"Washa, washa!" Bingwa alikunja mikono ya shati. "Mama, unakumbuka?"

"Nakumbuka kelele zenu."

Fundi, dada mtu, akawasha. Mto wa buluu, daraja, mtu mdogo. Bingwa akashika kijiti, na lazima tumpe haki yake, mikono ilikuwa haijasahau. Tik-tik-tik, pruu, pii. Alivuka daraja la kwanza, akavuka la pili, akipiga domo muda wote. "Unaona hapo, Mama? Hapo wenzangu wote walikuwa wanaangukia! Antena, si unakumbuka?"

"Sikumbuki, Kaka. Sikuwa naona."

"Aa, kweli, wewe ulikuwa mitambo!" Akacheka. "Bila huyu, Mama, gemu lilikuwa haliendi!"

Fundi alikuwa amesimama kulia kwake, bega kwa bega. Alikuwa ametoa mguu kwenye kandambili. Akasukuma.

Shhh.

"Ah! Nini tena?"

"Ule ugonjwa wa zamani," alisema. "Waya umelegea. Nenda nyuma ukaushike."

"Waya? Acha utani, ule waya haukuwa na..."

Akaacha kijiti.

Fundi alimgeukia. Chenga zilikuwa zinachezacheza usoni mwa kaka yake, na kwenye uso ule aliona mtu akitafuta pa kutokea.

"Haukuwa na nini, Kaka?"

Alimsubiri kwa moyo wote. Hilo lazima lisemwe. Angesema pale, neno moja tu, haukuwa na tatizo, huenda angemsamehe papo hapo na kumpakilia kabati lake garini kwa mikono yake. Alitaka sana kusamehe.

"Haukuwa na hali mbaya hivi," Bingwa alisema.

"Umezeeka. Kaushike."

Bingwa akamtazama Mama, kama watoto wanavyofanya. Fundi naye akamtazama Mama. Na Mama hakuwa anaitazama skrini iliyojaa chenga, wala waya, wala kabati. Mama alikuwa anatazama sakafuni, moja kwa moja, kwenye mguu peku wa binti yake.

Hakuna aliyemwonyesha mahali pa kutazama. Kumbe alipajua.

Kwa kitambo Fundi hakusikia hata ile shhh. Hasira aliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya mtu mmoja. Sasa ilibidi aigawe, na ilipogawanywa haikupungua. Aliinua macho. Mama aliyakwepa.

"Nenda, Kaka," Fundi alisema polepole. "Bila wewe gemu haliendi."

Bingwa akaenda. Angefanya nini? Akisema waya mzima, amejivua nguo mbele ya Mama na mbele ya seremala asiyemjua. Akikataa, ataulizwa sababu. Alijibana kati ya kabati na ukuta, kitambi kikakwama, akashusha pumzi, akapenya. Vumbi lilimpanda kwenye suruali ya Jumapili. Mlangoni Baba Pacha alijifanya anakohoa.

"Pale shingoni," Fundi alimwelekeza. "Kuna mibonyeo. Weka vidole hapo. Hapohapo, usitikisike."

Akarudisha swichi. Picha ikatulia.

"Imerudi?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Imerudi."

Akashika kijiti. Tik-tik-tik. Hakuwa hodari, alikuwa amecheza mara chache tu, tena kwa hasira, na vidole vyake vilizoea bisibisi. Lakini alicheza. Alivuka daraja la kwanza, pii, na hakuna aliyeshangilia.

"Joto huku," Bingwa alisema. "Nishike mpaka lini?"

"Nikifa tu, zamu yako."

Baba Pacha akaacha kukohoa. Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

Fundi akaendelea mbele, mahali asipopajua. Macho yalikuwa yamemjaa maji na daraja la pili likaonekana mawili. Akaruka, akakosa, mtu mdogo akatumbukia na mzigo wake wote.

Ti-ri-ri, ti-ri-ri, taa.

"Umekufa!" Bingwa alipayuka kule nyuma, kwa sauti ileile ya miaka ile. "Nimesikia! Huo wimbo naujua, umekufa! Zamu yangu!"

"Hapana, Kaka," alisema. "Hapo nimevuka daraja."

Waya uliokuwa ukichezacheza kidogo kwenye mgongo wa kabati ulitulia tuli.

Ndipo Mama akamwita. Hakumwita Antena. Alimwita kwa jina lile alilompa mwenyewe siku alipomzaa, ambalo katika nyumba ile halikuwa limetamkwa kwa muda mrefu mno, na mdomoni mwake lilitoka limekakamaa.

"Yatosha, mwanangu. Mwache kakako atoke."

"Ulikuwa unajua, Mama."

Mama alishika mkoba wake kwa mikono yote miwili. "Mlikuwa mnagombana kila siku," alisema. "Ukikaa kule nyuma, nyumba inatulia. Nawe ulikuwa unafurahi. Nilikuwa nakusikia unafurahi."

"Nilikuwa nafurahi," Fundi alisema, "kwa sababu mlinidanganya wote."

Hakupandisha sauti. Aliifuta skrini kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. Kisha nyuma ya kabati, chini chini, bila kicheko hata chembe, mtu akasema:

"Waya ulikuwa mzima."

Alisikia vizuri sana. Kila mtu alisikia, na Baba Pacha akageuza uso nje kama mtu aliyekuta wenzake wanavaa.

"Sema kwa sauti, Kaka," alisema, na akabonyeza kuanza upya. "Huku mbele hatukusikii."